Rangi Iliyo Karibu

Mchoraji hulelewa na rangi anayoweza kuipata. Husemwa mengi juu ya kipaji na msukumo wa moyo, nami siyapingi, ila aliyekaa na wachoraji anajua kwamba swali lao la kwanza asubuhi ni kama kopo bado lina kitu.

Ndiyo maana nikimfikiria mchoraji wa Kinyangiri, wilayani Mkalama, naanzia kwenye majabali. Mkoa wa Singida umejaa mawe makubwa, na chini ya baadhi yake watu wa kale waliacha michoro. Miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen na mkewe Margit walizunguka pande hizi wakiinakili. Sifa kubwa, hata hivyo, waliipata majirani zetu wa Kondoa: Mary Leakey aliinakili michoro yao mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia.

Itazame kazi ile kwa jicho la fundi. Michoro mingi ya zamani zaidi ni ya udongo mwekundu uliosagwa: twiga, pofu, watu wembamba warefu wenye vichwa vya duara. Mstari ni mwembamba, umevutwa na mkono usiotetemeka. Halafu, miaka mingi baadaye, akaja mwingine na udongo mweupe, akachora kwa unene, kama kwa kidole, wakati mwingine juu ya kazi ya mwenzake bila kuifuta. Buluu hawakuwa nayo, wala kijani. Uzuri wote ukabebwa na mstari, na mpaka leo mstari huo unamsimamisha mpita njia.

Edward Saidi Tingatinga naye hakungoja rangi za wasanii za dukani. Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, akapita mashamba ya mkonge ya Tanga, akafika Dar es Salaam kutafuta kibarua. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo haitaki kubembelezwa: ukichelewa inakauka, ukiizidisha inatiririka. Nadhani hapo ndipo yalipotoka yale mabaka safi, madoa yaliyopangwa na mandhari yasiyo na kivuli. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliokuwa wakimfukuza mtu mwingine. Alikuwa amechora miaka minne tu.

Lawama yangu ni kwa tuliomfuata. Mtoto wa Singida akipewa karatasi siku hizi huchora simba na Mlima Kilimanjaro, vitu ambavyo pengine hajawahi kuviona, ilhali nje ya dirisha kuna shamba la alizeti, vitunguu vinaanikwa, na kuku wanaparua kando ya tembe. Sam Ntiro, Mchaga aliyesoma Makerere na London, alichora watu wa kwao wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York lilinunua picha hiyo mwaka 1960. Simba hayumo.

Lakini ninayetaka hasa kumsifu ni fundi wa vibao, yule anayeandika kinyozi, gereji na duka la pembejeo. Mtazame akianza. Anapiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, anahesabu herufi kwa midomo, kisha anaanzia ya katikati ili neno lisije likabanwa ukingoni. Rangi ya mafuta anaizimua kidogo. Kidole cha mwisho anakiegemeza ukutani, brashi inashuka, na akifika kwenye S anaacha kabisa kukujibu, kwa kuwa S haina mahali pa kupumzikia. Kichwa cha kinyozi, chenye mchongo wa nywele uliopitwa na wakati, anakichora mwishoni, na hapo ndipo anapojifurahisha. Mimi namhesabu kuwa msanii kamili, hata kama hajawahi kuingia chuo.

Mabango ya plastiki ya kuchapishwa yanamnyang'anya riziki, nayo hupauka kwa jua upesi. Basi wewe mwenye duka, kibao chako kikichakaa, mtafute kwanza fundi wa brashi, mlipe kabla rangi haijakauka, na umwachie nafasi pembeni aandike jina lake.