Istilahi za Televisheni ya Dijitali: King'amuzi, Kisimbuzi na Kile Kisichopewa Jina

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya kurushia matangazo ya televisheni kwa mfumo wa analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata kwa awamu katika mwaka 2013. Tanzania ilikuwa imetangulia mbele ya muda uliowekwa na makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006, yaliyozipa nchi hadi Juni 2015. Kwa mafundi mitambo hilo lilikuwa badiliko la vyombo. Kwa lugha lilikuwa tukio la nadra, kwani neno moja liliingia kwa muda mfupi tu katika kila nyumba yenye televisheni, likatamkwa na wazee, watoto na wachuuzi bila kufundishwa na mtu. Neno hilo ni king'amuzi. Makala haya yanakusudia kulipima neno hilo pamoja na jamaa zake. Kipimo chetu si utamu wake masikioni. Tunauliza kama linamfaa mtu aliyesimama mbele ya duka katika mitaa ya Kariakoo, fedha mkononi, akichagua televisheni na chombo cha kurekodia matangazo.

Historia ya neno televisheni lenyewe ni tofauti kabisa. Kenya ilianza kuwa na matangazo ya televisheni mwaka 1962, na Zanzibar ikaanza ya rangi mwaka 1973, ikiwa ya kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote hadi mwaka 1994. Kwa hiyo watu wa Bara walilijua neno kwa miaka mingi kabla ya kukijua chombo, na chombo kilipofika kilikuta jina lake limekwisha kukomaa. Runinga, lililokuja baadaye, limepata nafasi nzuri katika magazeti na redio, lakini halikuling'oa lile la zamani. Na sokoni yote mawili hushindwa na herufi mbili tu, tivii. Hapo hakuna madhara yoyote. Maneno matatu kwa kitu kimoja ni mzigo mdogo kwa mfasiri, na mnunuzi hapotei.

Madhara huanza pale neno moja linapobeba vitu viwili. King'amuzi limeundwa vyema kutokana na kitenzi kung'amua, kwa mwendo ule ule unaotupatia kinasa na kipaza. Mwenye kung'amua hutambua lililofichika, na hiyo ndiyo kazi ya chombo: hupokea mawimbi ambayo televisheni ya zamani haiwezi kuyaelewa, kikayageuza kuwa picha na sauti. Mpinzani wake, kisimbuzi, ametoka katika msimbo na kusimbua. Hapa kwetu hutokea zaidi katika maandishi ya ofisi kuliko katika mazungumzo. Anayelitetea husema kwamba ni sahihi zaidi, maana linasema wazi kwamba kuna msimbo unaofunguliwa. Ni kweli. Lakini mabishano yote kati ya makundi haya mawili yamekuwa juu ya jina la kisanduku kile kile, kile kinachowekwa chini au pembeni mwa televisheni, chenye kadi na malipo ya kila mwezi. Hakuna upande uliokifungua kisanduku hicho na kutazama kilichomo.

Ndani yake mna kazi mbili. Ya kwanza ni kuyashika mawimbi ya dijitali na kuyafanya picha. Ya pili ni kuyafungua yale matangazo ambayo mrushaji ameyafunga kwa makusudi ili yatazamwe na waliolipa tu. Mwaka 2012 kazi hizi mbili zilikuja nyumbani kwetu katika kisanduku kimoja, tukazipa jina moja. Siku hizi zimetengana. Televisheni nyingi zinazouzwa Kariakoo zina sehemu ya kwanza ndani ya mwili wake. Ya pili hazina. Muuzaji humwambia mteja, kwa nia njema kabisa, kwamba televisheni hii ina king'amuzi ndani. Mteja anaelewa kwamba ameachana na kisanduku na malipo yake. Akifika nyumbani anapata chaneli zisizofungwa, kama zipo hewani mahali alipo; zile za mpira alizozitamani hazionekani. Muuzaji hakusema uongo. Neno ndilo lililomponza mteja.

Tena yapo maneno ya kupotosha zaidi ya hilo. Kwenye boksi huandikwa dijitali, na mnunuzi akadhani dijitali ni moja duniani kote. Televisheni iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ina mfumo wa ATSC, ya Japani ina ISDB-T, na ya soko la ndani la China ina DTMB. Zote ni dijitali, na hakuna kati ya hizo itakayosoma matangazo ya hapa yanayofuata mfumo wa DVB. Hata ndani ya DVB kuna vizazi. Kiwango cha DVB-T2 kilitolewa mwaka 2009, na televisheni yenye DVB-T ya kwanza pekee haiwezi kukipokea. Herufi S mahali pa T maana yake matangazo yanatoka kwenye setilaiti, na hapo antena ya bati haitafaa kitu, litatakiwa dishi. Haya yote yameandikwa kwenye boksi kwa herufi ndogo, na Kiswahili hakijampa mnunuzi neno la kuyaulizia. Hawezi kuuliza "king'amuzi chake ni cha kizazi gani?", kwa maana muuzaji atamwonyesha rafu ya visanduku.

Kurekodi ni kitenzi kingine kilichobaki nyuma ya chombo chake. Neno hili lilizoeleka wakati wa kanda na deki, na lilibeba ahadi tatu pamoja: kwamba chombo kitayachukua matangazo, kitayahifadhi, na kwamba mwenye kanda ataweza kuipeleka kwa jirani ikaonekana katika deki ya jirani. Ahadi ya tatu imevunjika kimya kimya. Televisheni zinazorekodi kwenye flashi kwa kawaida huifunga picha iliyorekodiwa kwa msimbo wa seti ile ile. Ukiipeleka flashi kwenye televisheni nyingine au kompyuta, haifunguki. Tena nyingi hutaka kuifuta flashi yote kwanza kabla ya kuanza. Mwalimu anayetaka kuchukua kipindi cha mafunzo usiku ili awaonyeshe wanafunzi wake asubuhi atanunua kwa kuambiwa "inarekodi", naye atagundua darasani kwamba alichorekodi kimebaki nyumbani. Nyingine hazirekodi kabisa: tundu la flashi lipo kwa ajili ya kutazama picha na kusikiliza muziki. Kwa lugha ya dukani zote mbili "zina USB", na maelezo huishia hapo.

Kuna na ule uwezo wa kuyasimamisha matangazo yaliyo hewani, mtu akaenda kufungua mlango, kisha akaendelea pale alipoachia. Nao huitwa kurekodi. Hapa hatuna haja ya kubuni neno jipya. Kusimamisha matangazo kunatosha na kila mtu anakuelewa.

Nisipite bila kugusa maneno ambayo soko limeyapata lenyewe, kwani mengine yana akili kuliko yetu. Televisheni ya zamani yenye mgongo mrefu watu wameiita tivii ya chogo, na sidhani kama kamati yoyote ingelipata neno fupi na la wazi kama hilo. Dishi limeshinda ungo, ingawa ungo ni neno letu na umbo ni lile lile, tukubali. Kitenzambali limo katika orodha za istilahi na rimoti imo mikononi. Analojia ni neno lenye bahati mbaya: wanafunzi wa isimu hulijua kwa maana ya mlinganisho, na vijana wamelifanya tusi la kumwita mtu aliyepitwa na wakati, kwa hiyo mfasiri wa maandishi ya mitambo yafaa aandike "mfumo wa analojia" kwa ukamilifu. Wala tusione haya kwa maneno ya mkopo katika mtaa ambao jina lake lenyewe ni kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, kilichotafunwa na midomo ya watu hadi kikawa Kariakoo.

Maoni yangu, basi, ni kwamba tuache kushindanisha king'amuzi na kisimbuzi, tuzigawie kazi. King'amuzi kibaki jina la kisanduku kizima, kwa kuwa umma umekwisha kuamua. Kisimbuzi kiwe ile sehemu inayofungua matangazo yaliyofungwa, iwe ndani ya kisanduku au katika kadi. Na sehemu inayoshika mawimbi, ambayo ndiyo hasa iliyomo ndani ya televisheni mpya, tuiite kipokezi. Atakayesema kwamba televisheni nzima ni kipokezi ana hoja, lakini katika matumizi hakuna mtu aitaye televisheni hivyo, na neno liko wazi kuchukuliwa. Kurekodi libaki, ila maelezo ya bidhaa yasiishie kwenye kitenzi peke yake.

Wanaofasiri vijitabu vya maelezo na watumishi wanaoandika matangazo kwa umma wanaweza kuanza bila kungoja idhini ya mtu. Kibandiko cha televisheni kingesomeka hivi: "Kipokezi cha ndani: DVB-T2 na DVB-S2. Kisimbuzi: hakuna, chaneli za kulipia zahitaji king'amuzi. Hurekodi kwa flashi. Kilichorekodiwa hutazamwa katika seti hii tu." Maneno hayo yanaenea katika kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiganja, na muuzaji anaweza kuyasoma kwa sauti mbele ya mteja.