Neno la Siasa na Sikio la Mchuma Chai

Wanafunzi wa shahada ya udaktari katika mawasiliano ya siasa na uandishi wa habari huhimizwa kuchunguza redio za lugha za kienyeji. Himizo ni jema; kasoro imo katika njia. Aghalabu mtafiti huhesabu maneno yaliyotangazwa, huyatafsiri kwa Kiingereza, kisha hudai amepima athari yake. Msikilizaji hayumo.

Tutazame neno "madoadoa". Asili yake ni alama zilizotapakaa juu ya nguo au ngozi ya mnyama. Katika siasa za Bonde la Ufa limegeuzwa kuwa jina la watu wanaohesabiwa wageni, hata mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikalitia katika orodha ya maneno ya chuki. Kamusi peke yake haielezi mgeuko huo.

Kericho na Bomet ni mahali pafaapo kuuchunguza. Wenyeji ni Wakipsigis. Mashamba makubwa ya chai yaliwaleta pia Wagusii, Wajaluo na Waluhya, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Hapo neno moja huweza kuwafikia majirani wawili, mmoja akasikia wito wa umoja, mwenziwe akasikia amri ya kufunga mizigo.

Hasara ya kulipuuza jambo hili si ya wanazuoni tu. Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM, alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ghasia za 2007 na 2008. Kesi ilianza Septemba 2013. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu walifuta mashtaka. Miaka yote hiyo Kikalenjin kilisikilizwa The Hague kupitia wakalimani. Ni wapi basi wataalamu wetu wa lugha?

Kwa hiyo mtahiniwa hana budi kujua Kikipsigis na Kiswahili cha mashambani, kuketi na wasikilizaji wa makabila mbalimbali, na kulinganisha fasiri zao za tangazo lilelile. Aidha, awafiche majina, maana wengi hukaa katika nyumba za mwajiri. Chuo Kikuu cha Kabianga kimo humo humo Kericho. Idara za lugha nazo zishiriki kusimamia tasnifu hizi, zisingoje kuletewa tafsiri zisahihishwe.