Lijamu Kutoka Udongo wa Taveta

Katika msitu wa Itebero, Kongo, njia ya Bukavu kwenda Walikale, hukuti chuma cha farasi. Lakini mchimbaji wa Walikale akiokota jiwe jeusi hulipima kwanza kiganjani: kasiterite, madini ya bati, ni nzito karibu mara saba ya maji, na mkono uliozoea huijua kabla ya jicho.

Ujuzi wa namna hiyo ndio unaotakiwa Taveta, Kenya, kutambua vyuma vya matandiko ya farasi wa vita vilivyobaki udongoni. Machi 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali Van Deventer, walizunguka huko kupitia Ziwa Chala, na Aprili wakafika Kondoa. Mbung'o na maradhi viliwamaliza farasi wao. Ngozi ya matandiko huoza, chuma hubaki.

Anayeijua kazi hii hagongi kutu kwa nyundo. Huloweka, husugua kwa brashi laini, hungoja. Bizimu likianza kuonekana, hutazama upau wake: je, umevishwa kimrija kinachozunguka? Kimrija hicho huuacha mkanda uteleze unapokazwa, ngozi isikatike, kwa hiyo bizimu la namna hiyo hudhaniwa kuwa la mnyama wa kazi kabla ya kuwa la begi la askari. Kisha hupima upana wa ndani, maana humo ndimo mkanda uliooza ulimopita.

Lijamu ndiyo inayonivutia kuliko vyote. Vipande viwili vya chuma, vinene upande wa midomo, vyembamba vinapokutana katikati ya kinywa. Kiungo kile kikisafishwa taratibu huonyesha mahali chuma kilipokula chuma. Tundu lililokuwa duara limerefuka upande mmoja tu, ule uliovutwa na hatamu. Lijamu ambayo haikutumika haina alama hiyo, hata ikiwa na kutu nene kiasi gani.

Wengi hukimbilia muhuri. Mshale mpana ni mali ya serikali ya Uingereza. Ukiwa ndani ya herufi U, ni ya Afrika Kusini. Ni ushahidi mzuri, lakini humtaja mwenye mali tu. Kazi yenyewe imeandikwa kwenye ulikaji, na kuusoma kunataka subira ambayo naiheshimu sana.

Mtu makini huandika pia kila kipande kilipolala. Lijamu, pete mbili na mabizimu madogo vikitoka ndani ya hatua moja, huvipanga mezani kwa vipimo vilivyochukuliwa shimoni na kuvihesabu kama hatamu moja. Kikuku kilichookotwa mbali na hapo hukiweka kando, mpaka mwenzake apatikane.