Kwikwi ya Klarineti

Hongera zao wapulizaji klarineti wa klezmeri, muziki wa harusi za Wayahudi wa Ulaya Mashariki! Nakshi ninayoipenda kuliko zote ni krekitsi: noti ikikaribia kuisha, sauti huruka juu kidogo kisha hukatwa ghafla, kama kwikwi ya mtoto aliyechoka kulia. Mpulizaji Naftule Brandwein, aliyehamia Marekani kutoka Galicia mwaka 1908, alizirundika nakshi hizo kwa ukali katika santuri alizorekodi New York miaka ya 1920. Mpulizaji mwenzake Dave Tarras alizipima kwa utulivu, na huyo ndiye bingwa wangu. Mpulizaji Andy Statman alijifunza kwake ana kwa ana, kwa kuwa karatasi ya noti haiwezi kuonyesha kwikwi ikatwe wapi.