Jinsi ya Kuipima Sauti ya Mtambo Imsomeayo Mteja Salio Lake

Katika Athi River, mahali ambapo njia ya kwenda Namanga huachana na Barabara ya Mombasa, na ambapo malori ya saruji hayakomi kupita usiku wala mchana, watu walio wengi hutumia simu kwa malipo ya kabla. Hununua muda wa maongezi wa shilingi kumi au ishirini, hununua kifurushi cha saa moja au cha siku nzima, husambaziana kredo baina ya ndugu na jamaa, na salio likiwaishia kabla ya mshahara huomba Okoa Jahazi, mkopo unaokatwa ada ya asilimia 10. Mtu wa namna hii amekwisha toa fedha yake kabla ya kuhudumiwa, na haki kubwa iliyombakia ni kuambiwa, kwa lugha aielewayo na kwa sauti aisikiayo, ni kiasi gani amebakiwa nacho na kitakoma lini. Maadamu kazi hiyo ya kumwambia imezidi kukabidhiwa mitambo, ni shurti raia wa kawaida awe na mizani ya kuipimia sauti ya mtambo, asiwaachie wahandisi peke yao kuisifu au kuitia dosari. Mizani niitoayo hapa asili yake ni moja, nayo ni fedha: sauti iliyo bora ni ile inayomfikishia msikilizaji hesabu yake bila ya kumwacha na shaka, na uzuri wake mwingine wote, utamu, ulaini na ukaribu wake na sauti ya binadamu, huja nyuma ya huo.

Kabla ya kuhukumu, mpimaji ajue kwanza ni sauti ya asili gani iliyomo sikioni mwake, kwa kuwa ziko mbili, na kasoro za moja si kasoro za nyingine. Ya kwanza ni sauti ya binadamu iliyorekodiwa vipande vipande: mtu aliketi studioni akatamka moja, mbili, tatu, kumi, ishirini, shilingi, senti, dakika, kisha mtambo ukawa unaviokota vipande hivyo na kuviunga kadiri ya hesabu ya kila mteja. Ya pili haikutamkwa na mtu yeyote. Kompyuta hupewa maandishi, ikayageuza kuwa matamshi, na matamshi ikayageuza kuwa mawimbi ya sauti. Ufundi huu wa pili una umri mkubwa kuliko wengi wadhanivyo, maana mwaka 1939, katika maonyesho ya New York, watu walikwisha isikia mashine iitwayo Voder ikinena, ijapokuwa ilihitaji mtu wa kuiendesha kwa vidole na kwa mguu. Kiswahili nacho hakikungoja zama hizi za akili bandia: mwaka 2005 Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwasilisha katika mkutano wa Interspeech, mjini Lisbon, mtambo wa kukisoma Kiswahili kwa sauti, uliojengwa juu ya Festival, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, na elimu hiyo ikaja kutumika katika NAFIS, huduma ya habari za kilimo ambayo mkulima aliipigia simu akasomewa mashauri. Leo Microsoft inazo sauti mbili za Kiswahili cha Kenya, Zuri na Rafiki, na mbili za Tanzania, Rehema na Daudi, na mtu azisikiapo katika sentensi moja iliyochaguliwa vizuri, kupitia spika nzuri, aweza kuapa kuwa amesemeshwa na binadamu.

Katika viwanda vya nguo vya EPZ, eneo la bidhaa za kuuzwa nje ya nchi, hapa Athi River, mkaguzi wa suruali haanzi na rangi. Huigeuza nje ndani akaukagua mshono, na sauti ya vipande yafaa ikaguliwe vivyo hivyo. Sikiliza sentensi hii: salio lako ni shilingi sitini na nne na senti hamsini. Mtu aisemapo, sauti yake hushuka mara moja tu, mwishoni kabisa, kwenye hamsini. Mtambo uliorekodiwa kwa pupa hushuka kwenye shilingi, ukashuka tena kwenye sitini, ukashuka tena kwenye nne, kwa sababu yule mtu wa studioni alilitamka kila neno kana kwamba ndilo la mwisho. Na msikilizaji, ambaye tangu utotoni amezoea kwamba kushuka kwa sauti ni dalili ya kukoma, huitoa simu sikioni baada ya sitini, asiisikie ile nne wala zile senti. Fundi stadi hurekodi kila tarakimu zaidi ya mara moja, ya katikati ya sentensi mbali na ya mwisho wake mbali, na juhudi hiyo husikika tangu salio la kwanza kusomwa.

Lakini mtihani ulio mkubwa kuliko yote katika lugha yetu ni sitini na tisini, na nduguze sita na tisa. Maneno haya yana sauti zile zile, s na t, zilizobadilishana mahali tu, na tofauti yake katika mfuko wa mtu ni shilingi thelathini, ambazo kwa anayejaza kredo kwa shilingi ishirini si kitu cha kupuuzwa. Sasa tazama njia inayopitiwa na maneno hayo. Simu ya kawaida hupitisha mitetemo ya baina ya 300 na 3,400 kwa sekunde, ilhali nguvu kubwa ya s iko juu ya kiwango hicho, hata kinachomfikia msikilizaji ni kivuli cha s, na pengine hawezi kuipambanua na f. Simu mpya za 4G zaweza kupitisha sauti pana zaidi, lakini kabambe ya bei nafuu, ile yenye tochi, ambayo ndiyo iliyomo mfukoni mwa mtu anayetoka zamu ya usiku, haina uwezo huo. Kwa hiyo fundi ajuaye kazi yake huirefusha s kidogo, huacha kimya kifupi kabla ya t kupasuka, na zaidi ya yote huutia mkazo mahali pake bila haya. Kwa kuwa mkazo wa sitini huangukia ti na mkazo wa tisini huangukia si, msikilizaji aliyepewa mkazo ulio dhahiri ataokoka hata ile s yenyewe ikimpotea njiani. Sauti nyingi za kisasa zilizo tamu hushindwa hapa hapa, maana zimefunzwa kuteleza kama mtu anayezungumza na rafiki chumbani, na mkazo wake umelegea.

Sarufi ya hesabu nayo ina dalili zake. Mtambo uliorekodiwa mbili moja tu utasema vifurushi mbili na wateja mbili, ilhali lugha yataka vifurushi viwili, wateja wawili, siku mbili, mwezi mmoja. Najua kwamba mitaani watu husema vitu mbili bila kusita, wala simlaumu mtu anayezungumza na jirani yake kwa namna waliyoizoea. Lakini mtambo hausemi na jirani, unausomea umma, wakiwamo watoto wanaojifunza kusema kwa kuusikiliza. Kibaya zaidi ni ule unaosema ishirini shilingi badala ya shilingi ishirini, maana hapo utajua mara moja kwamba sentensi iliandikwa kwa Kiingereza kwanza, kisha maneno yakabadilishwa moja moja, na aliyeibadilisha hakuisikiliza.

Saa ndiyo inayotenganisha fundi na mwigaji. Kifurushi cha siku kikiandikwa kuwa kitakoma 23:59, mtambo ulio dhaifu husoma ishirini na tatu, hamsini na tisa, na msikilizaji asijue kama ni saa au ni bei. Ulio mwema husema saa sita kasoro dakika moja usiku. Hata hivyo kosa hilo la kwanza si la hatari sana, kwa kuwa linajulikana kuwa ni kosa. Lenye hatari ni lile linalosikika kuwa sahihi: maandishi yamesema 8:00 ya jioni kwa hesabu ya Kiingereza, na sauti, kwa ufasaha wote, ikasoma saa nane usiku. Mteja atapanga kumpigia mamaye akitoka kazini saa tano, akiamini kwamba ana muda hadi saa nane, kumbe kifurushi kilikwisha kufa saa mbili za usiku. Sauti inayotenda hivi isipewe alama hata moja, iwe tamu namna gani, na kampuni inayoitumia iambiwe hivyo kwa maandishi.

Juu ya herufi nitasema machache, kwa kuwa masikio ya msemaji huzihukumu yenyewe. Jaribu ng'ambo na ngazi, uone kama mtambo unaitambua alama ile ndogo ya juu. Jaribu dhamana na thamani, ghali na gari. Jaribu mtu na mteja, usikie kama m yasimama peke yake au imetiwa u isiyokuwako. Jaribu kufa na kufaa, kwa maana kifurushi kilichokufa sicho kifurushi kilichokufaa. Jaribu pia barabara iliyo njia ya magari na barabara iliyo sawasawa, ambazo maandishi yake ni mamoja na mkazo wake mbalimbali; hapa sitarajii ushindi mkubwa, ila mtambo unaozipambanua hizo mbili umetengenezwa na watu wenye mapenzi na lugha.

Liko jambo la kuuliza. Kiswahili chaweza kuuliza bila ya kubadili neno hata moja: unanunua kifurushi cha shilingi hamsini, ikisemwa kwa sauti iliyoshuka, ni habari, ikisemwa kwa sauti iliyopanda, ni swali. Mtambo usioweza kupandisha sauti humwacha mteja akidhani kwamba fedha imekwisha katwa, akakata simu kwa hofu au akakasirika bure. Fundi mwenye hadhari hautegemei mwinuko wa sauti peke yake. Hutanguliza je, au hugawa sentensi mbili, moja ya bei na moja ya kuomba idhini, kisha huacha kimya cha kutosha mtu aitoe simu sikioni, atafute kitufe na kukibonyeza. Kimya hicho ni sehemu ya ufundi kama maneno yenyewe.

Nimesema kwamba utamu huja nyuma, na ithibati yangu ni watu wasioona. Wengi wao hutumia visomaji vya skrini siku nzima, na wako wanaoichagua eSpeak, programu ndogo ambayo sauti yake ni kavu na ya chuma, wakaziacha sauti laini za kisasa, kwa sababu eSpeak hubaki dhahiri hata iharakishwe mara mbili au tatu. Hawa ndio mabingwa wa kusikiliza, maana maisha yao yamo ndani ya usikivu, na hukumu yao yafaa kutangulizwa kuliko ya yule anayeisikia sauti mara moja katika maonyesho akapiga makofi. Sisemi kwamba ukavu ni sifa. Sauti yenye haiba na yenye uwazi pamoja ndiyo ninayoitamani, nayo inawezekana. Lakini ikiwa hapana budi kuchagua, ichaguliwe inayoeleweka.

Fauka ya hayo, sauti haiwezi kukisafisha kifurushi kilichotatizwa tangu kutungwa kwake. Mpango wa dakika kadhaa za mtandao mmoja, na nyingine za mitandao yote, na megabaiti za mchana mbali na za usiku, na jumbe zinazokoma siku tofauti na dakika, hausomeki kwa pumzi moja na mtambo wowote wala na mtu yeyote. Nimekuwa nikiutumia usomekaji huo kuvipimia hata vifurushi vyenyewe: usiotamkika kwa sentensi moja ni mpango wa kumchosha mnunuzi. Safaricom ilipotoa vifurushi visivyo na mwisho wa matumizi mnamo Oktoba 2019, jambo moja lililonifurahisha, mbali na fedha, ni kwamba hesabu yake ilifupika. Kiasi ulichonunua ndicho kinachotajwa, na saa ya kukoma haimo.

Basi atakaye kupima asiketi katika chumba kimya na vipokea sauti vya masikioni. Aende stendi ya matatu ya Athi River jioni, wafanyakazi wa EPZ wakitoka na matrela yakipiga breki kuelekea Nairobi, achukue kabambe, aisikilize sauti ikisoma salio asilolijua, kisha aandike alichosikia na kukilinganisha na maandishi ya *144#, namba ya Safaricom ya kuulizia salio. Afanye hivyo kwa sitini na tisini, kwa senti, kwa saa ya kukoma. Nawaomba wenye makampuni ya simu, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya inayowasimamia, wasiruhusu sauti mpya ya Kiswahili imfikie mteja wa malipo ya kabla kabla haijapita mtihani huo, na wapimaji wawe wateja wenyewe: mshonaji, mpakia saruji, mama wa sokoni na mtu asiyeona, kila mmoja na simu yake mwenyewe.