Kuzoesha na Kuzoeana: Sauti ya Mnyama katika Masimulizi Mawili ya Tschiffely

Kati ya mwaka 1925 na 1928 Aimé Félix Tschiffely, mwalimu mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifundisha Ajentina, alisafiri kutoka Buenos Aires hadi Marekani akiwa na farasi wawili, Mancha na Gato, mwendo wa kilomita 16,000 hivi. Safari hiyo aliisimulia mara mbili: katika Southern Cross to Pole Star (1933) kwa nafsi yake mwenyewe, na katika The Tale of Two Horses (1934), ambamo wasimulizi ni farasi. Makala haya yanadai kwamba farasi wasiosema ndio wanaosikika zaidi.

Hoja hii inafafanulika kwa minyambuliko miwili ya kitenzi zoea. Katika kuzoesha yupo mtenda na mtendwa; katika kuzoeana wote wawili ni watenda. Kitabu cha 1933 kinaanzia katika kuzoesha. Mancha na Gato hawakuwa vijana. Walikuwa wamepita umri wa miaka 14, tena walitoka Patagonia, mikononi mwa chifu wa Watehuelche. Ilibidi mafundi wa kufundisha farasi wapambane nao kabla hawajakubali tandiko na hatamu.

Hata hivyo, kadiri safari inavyoendelea, uhusiano unabadilika. Gato ni mtulivu. Mancha anabaki mkali: huwashuku wageni na hakubali kupandwa na mtu mwingine ila Tschiffely. Ukali wake haukung'olewa, bali ulipata wa kumwamini. Msimulizi naye anafundishwa. Gato ana kipaji cha kutambua matope na mchanga unaodidimia. Hivyo anapogoma kusonga mbele, mpandaji hana budi kuusoma mgomo huo kama onyo, wala si ukaidi. Hapo mnyama anatenda bila kutamka neno, na maana ya tendo lake haimilikiwi na mwandishi.

Kitabu cha pili kina fadhila yake, kwani kinamwondoa mpandaji katikati ya sifa. Lakini tashihisi ina gharama. Pindi Mancha anapopewa lugha ya binadamu, ukimya uliomlazimisha msimulizi kuchunguza, kukisia na kukosea unatoweka. Maneno ni ya Tschiffely. Farasi ametiwa hatamu kwa mara ya pili, safari hii ulimini.

Ieleweke kwamba hoja hii haiwahusu wanyama wote wasemao katika fasihi. Katika hurafa, msomaji anajua tangu mwanzo kwamba Sungura ni kivuli cha mtu. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, manyani ni ndugu waliogeuzwa. Utu uliofichika ndani yao ni wao kwa haki. Mancha na Gato hawakuwa vivuli wala watu waliogeuzwa. Walikuwa farasi walioishi, wakachoka, wakakataa.

Kwa hiyo, mhakiki asiridhike kuitaja tashihisi kama pambo la fani na kuihesabu miongoni mwa tamathali. Yampasa aulize kama sauti aliyopewa mnyama imemfungulia njia ya kutenda, au imempokonya uwezo wa kukataa.