Mali ya Nani? Bei ya Picha Isiyo na Rangi ya Kopo

Sisi wapenzi wa ushairi tuna desturi moja ambayo haijapata kukemewa. Tukitiwa diwani mpya mkononi tutauliza mtunzi ni nani, bahari gani katumia, vina vimekaa au vimelazimishwa, na hata mpiga chapa tutamlaumu iwapo kakata mstari pasipokatika. Mchoraji wa jalada hatumuulizi. Picha yake tunaitazama kama tunavyoitazama kanzu ya bwana harusi: ipendeze, basi, nani kaishona si shughuli yetu. Makala haya yanahusu picha moja ya jalada na bei yake, na ni haki niseme mapema kwamba mimi si mhakiki aliyekaa mbali. Diwani ni yangu, na aliyebishana juu ya bei ni mimi.

Picha yenyewe ilichorwa Nzuguni, upande wa mashariki wa jiji la Dodoma, pale ambapo abiria wa mabasi hushuka kwenye kituo kikuu, na ambapo wakulima hukusanyika kila Agosti katika viwanja vya Nane Nane. Nilifika huko Agosti 2024, mwaka ambao maonyesho ya kitaifa yalifanyika hapo, nikafikia kwa jamaa yangu aliyehamia Dodoma kwa sababu ofisi yake ilihamia. Jirani yake ana binti ambaye huchora kwa simu na kuuza kazi zake kwa njia ya intaneti, peke yake, bila ya wakala wala duka. Jina lake silitaji, kwa kuwa ameniomba nisimtie katika mjadala huu.

Alichonichorea ni mbuyu wa kiangazi, usiobakisha hata jani. Chini yake mwanamke anapepeta uwele. Mimi nilitaka jahazi, maana diwani yangu ni ya bahari toka mwanzo hadi mwisho. Naye akanijibu kwamba bahari ameiona mara moja tu maishani, kwa hivyo jahazi atakalolichora litakuwa la uongo. Badala yake kivuli cha mbuyu kikaangukia ardhi nyekundu kwa umbo la tanga. Mtu haoni mara ya kwanza. Rafiki yangu mmoja alikaa na kitabu wiki nzima kisha akanipigia simu usiku kuniambia kwamba ameliona tanga. Huo ndio ustadi ambao katika ushairi tunausifu kwa jina la fumbo, na sioni kwa nini tusiusifu katika rangi. Kasoro zipo pia, na sitazificha kwa sababu ya deni. Anga ameijaza waridi kupita kiasi, rangi ambayo vioo vya simu huipenda mno na karatasi huikataa, na ilipochapishwa ikageuka kahawia. Mkono wa kushoto wa yule mwanamke haukubeba uzito wowote: ungo unaelea. Lakini mistari ya shina la mbuyu ni ya mtu aliyekua akiutazama, wala haikuazimwa kwenye picha ya mwengine.

Wapo watakaouliza: mistari gani, na kazi imefanywa na mashine? Hapa inafaa nieleze, kwa sababu ujinga wangu ulianzia hapo hapo. Programu anayoitumia, ibis Paint, haichori chochote. Humpa mchoraji ukurasa mtupu, na brashi, na tabaka zinazolala moja juu ya nyengine kama karatasi za nailoni: kwenye tabaka moja shina, kwenye ya pili kivuli, kwenye ya tatu mwanamke. Kila mstari ni mkono wake, kwa kidole au kwa kalamu yenye ncha ya mpira. Programu hiyo pia hurekodi mchoro unavyokua, na rekodi hiyo alinionyesha. Kazi ya saa 19 imefupishwa ikawa dakika chache. Nikamwona mwanamke akichorwa, akifutwa, akichorwa tena akiwa amegeukia kulia, akifutwa tena. Mara nne. Nilikumbuka rasimu zangu mwenyewe, zile ninazozichana ili watu wadhani beti zilinishukia zimekamilika.

Kisha ikaja ankara. Kuchora, shilingi 95,000. Ruhusa ya kuitumia picha kama jalada, kwa nakala 500, shilingi 75,000. Jumla 170,000.

Nilimwambia maneno ambayo leo nayaona haya. Nilimwambia kwamba hakuna rangi aliyonunua, wala kitambaa, wala fremu. Kwamba picha ikishakamilika kuituma hakumgharimu kitu. Na kwamba kwa saa 19 mimi ningempa 60,000, ambayo si haba kwa kijana. Ruhusa sikuielewa kabisa. Nilidhani nikinunua picha nimeinunua. Alinijibu kwa adabu zote: "Mwalimu, ukipunguza bei, nami napunguza ruhusa. Mkono wangu ni ule ule." Bei ya kuchora haikushuka hata shilingi. Iliyoshuka ni ile ya pili: kwa nakala 100 tu, shilingi 15,000. Tukakubaliana kwa 110,000, nikamtumia kwa simu, nikarejea Unguja nikijisifu kwamba najua kununua.

Hebu tuitazame hoja yangu ya saa, maana wengi wanayo, na hata wachoraji wenyewe huambiwa waifuate: hesabu saa zako, zidisha kwa ujira, hiyo ndiyo bei. Inaonekana ni haki. Kwa hakika inamwadhibu fundi kwa ufundi wake, kwani anayechora kwa saa 40 kwa sababu mkono haujakomaa atalipwa maradufu ya yule aliyekwisha kuteseka miaka kumi akijifunza. Mimi mwenyewe nimewahi kutunga shairi la harusi kwa usiku mmoja, na mwenye shughuli akaniambia, "Maalim, maneno tu hayo, hayana gharama." Nilinuna mwaka mzima. Sikukumbuka mnuno huo nilipokuwa Nzuguni.

Lakini zipo zama ambapo hesabu ya kazi ya mkono ilitosha. Tumchukue Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, mtunzi, mchonga milango na mwandishi wa khati ambaye sisi wa pwani hatumwiti mgeni. Wazungu waliokuwa wakikusanya tenzi, kina Alice Werner, Hichens na Dammann, walipata kwake miswada kwa khati za Kiarabu, na mingine aliipamba kwa wino wa rangi. Utenzi mmoja aliweza kumnakilia mteja huyu, kisha akamnakilia na yule. Alikuwa, ukipenda, msanii huru mwenye wateja ng'ambo, na posta ndiyo iliyokuwa intaneti yake. Ila kila nakala ilidai tena jicho lake, mgongo wake, na siku zake. Alipolipwa kwa nakala alilipwa kwa kazi, na mambo hayo mawili hayakuwa na sababu ya kutengana. Hali ni hiyo hiyo kwa wachoraji wa Tingatinga kule Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, aliyeuawa 1972, alichora kwa rangi za kopo juu ya mbao laini, na waliomfuata wamerudia chui yule yule mara zisizohesabika. Hata hivyo kila chui ni ubao mpya na mchana mwengine.

Khanga ndiyo iliyotenganisha. Mchoro wa mji na pindo huchorwa mara moja, kisha kiwanda kikatoa maelfu. Nani analipwa kwa ile ya elfu moja? Tazama khanga za duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa 1887. Pembeni pameandikwa "Mali ya Abdulla", na kila bibi wa pwani anayajua maneno hayo kuwa ni alama ya khanga ya kuaminika. Ni alama ya mfanyabiashara, na ni haki yake kuitia. Nami nimevaliwa, nimefunikwa na nimebebwa mgongoni kwa khanga tangu kuzaliwa, wala siwezi kukutajia jina la mchoraji hata mmoja wa ua, korosho au embe lililomo ndani yake. Mama zetu walisoma majina ya khanga kama mashairi, wakatumiana ujumbe, wakagombana kwayo. Waliochora walibaki nje ya mazungumzo hayo.

Picha ya simu imekaa upande wa khanga, si upande wa Kijuma. Kazi ni moja, nakala hazina mwisho, na nakala ya pili haina gharama. Kwa hivyo anayepanga bei kwa gharama ya nakala atafika sifuri, na anayepanga kwa saa atalipwa mara moja kwa kitu kitakachotumika mara elfu. Kinachobaki cha kuuza ni matumizi: wapi, mara ngapi, kwa muda gani. Binti wa Nzuguni aliigawa ankara yake mahali hasa inapogawika. Sheria nayo iko pamoja naye, Bara kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na kwetu Zanzibar kwa sheria yetu wenyewe ya 2003, kwani hakimiliki si jambo la Muungano. Mwenye kununua nakala hakununua haki ya kuizalisha. Hata ule mnada uliowashangaza walimwengu, Machi 2021, ambapo Christie's iliuza kazi ya kidijitali ya Beeple kwa dola 69,346,250, aliyelipa alipata faili na cheti cha umiliki wake, na hakimiliki ikabaki kwa mchoraji. Mwaka uliofuata soko la vyeti hivyo likaporomoka. Mimi silisikitikii, kwa sababu lilimfanya kila kijana adhani bei ni bahati nasibu.

Nina shaka zangu juu ya utaratibu wake. Bei yake ya matumizi ni moja kwa mteja wa Muscat na kwa mteja wa Michenzani, naye anaona huo ndio usawa. Mimi naona vitabu vyetu vya nakala mia tatu vitaumia kabla ya wengine. Anao msamaha mmoja tu: mtu akitaka sura ya marehemu baba yake aitundike ukutani, hulipa kazi ya kuchora peke yake, kwa kuwa ukuta wa nyumbani hauzalishi kitu. Nilimuuliza pia juu ya akili mnemba, ambayo hutoa mbuyu kwa dakika moja na bila ya malipo. Akasema wateja wawili walimtaka athibitishe kwamba kachora mwenyewe, na tangu hapo humpa kila mteja rekodi pamoja na picha. Niliona ni jambo la kuhuzunisha kidogo, fundi kulazimika kutembea na shahidi.

Sasa nirudi kwenye deni. Mpiga chapa wangu aliniambia kwamba kuchapisha nakala 100 ni hasara, bora 500, kwa shilingi 2,000,000. Nilimlipa bila ya kuomba punguzo, wino na karatasi vinaonekana kwa macho. Nikachapisha 500. Ruhusa ya nakala 100 sikuikumbuka, au niseme kweli, niliikumbuka nikaiona ndogo. Kisha ukaandaliwa usiku wa mashairi, mbuyu ukatiwa kwenye matangazo, ukabandikwa kutoka Darajani hadi Mlandege. Kijana mmoja aliupiga picha akaueneza.

Siku ya pili nikapata ujumbe kutoka Nzuguni. "Shikamoo Mwalimu. Nimeliona tangazo, hongera sana. Naomba kuuliza, nakala zimekuwa ngapi?"

Nilikaa na swali hilo siku tatu. Nilijaribu kutafuta jibu la kishairi. Nikafanya hesabu ambayo ningeifanya mwanzo: ile ankara ya 170,000 ilikuwa shilingi 340 kwa kila kitabu, katika kitabu ninachokiuza 8,000. Haifiki bei ya maandazi mawili. Nikafungua diwani nitazame jina lake limeandikwa wapi, halikuandikwa popote. Langu liko mara tano.

Nilimwandikia idadi kamili, ya vitabu na ya matangazo. Aliniletea ankara ya pili: nakala 400 zilizozidi, shilingi 60,000, matangazo, 40,000. Adhabu hakuweka. Nililipa Novemba, akanijibu kwa kunitumia risiti na kuniuliza kama yule mwenzangu aliyeliona tanga angependa kuiona rekodi.